Ukitaka Kubishana, Mikono Mfukoni

Nimewasikia mkinicheka. Juzi nilipita madukani kwenu pale Nakivubo nikamwuliza muuzaji mmoja kama ana ipeesi ndogo, ya kunisaidia nyumbani umeme ukikatika. Alinitazama, kisha akamtazama mwenzake. Nikarudia, ipeesi. Ilibidi nimwonyeshe kwa kidole. "Aa, mzee anataka yupiesi," akasema, na wote wawili wakainama chini ya kaunta wakijifanya wanatafuta kitu. Nawashukuru kwa adabu hiyo. Lakini nimestaafu na sina haraka, kwa hiyo nisikilizeni. Nitawaeleza kwa nini mtu aliyetengeneza mashine hizo kabla wengi wenu hamjazaliwa anazitaja vibaya, tena kwa makusudi.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwoga. Nilivuka mpaka wa Busia kuja Kampala kutafuta kazi miaka ile baada ya vita, wakati majumba mengi ya mjini bado yalikuwa na matundu ya risasi, na tangu siku ya kwanza nilijizoeza kutembea nikibana ukuta. Karakana iliyoniajiri ilikuwa juu ya maduka ya viatu na mabeseni ya plastiki. Sisi tulitengeneza redio, baadaye televisheni, na kompyuta zilipoanza kuingia mjini tukazitengeneza pia, bila mtu kutuuliza kama tunazijua. Nyuma ya benchi langu palikuwa na matundu yale yale ya risasi. Tuliyaziba kwa gundi na karatasi, na upepo ukivuma karatasi zililia kama filimbi. Kila zilipolia nilishtuka. Nilishtuka hivyo miaka na miaka, na sikuzoea.

Lakini kilichoniogopesha kuliko risasi ni umeme. Mtasikia watu wakisema fundi hodari haogopi umeme. Fundi wa namna hiyo sijakutana naye, labda kwa sababu hawakai sana. Risasi angalau ina mlio. Waya wenye umeme na waya usio na umeme hufanana sura, na hakuna hata mmoja unaokukunjia uso. Mpaka leo nikiona mtu anachokonoa soketi kwa bisibisi naondoka chumbani. Si utani. Mke wangu amezoea.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Deo, Mkongo wa Bukavu. Alikuja Kampala kuuza vitenge akaishia kwenye nyaya, kwa kuwa kwao alikuwa amejifunza redio kwa mapadri. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mikono yake ilikuwa mirefu hata mikono ya shati haikuwahi kumtosha. Mikono ile ndiyo iliyokuwa mali ya karakana. Palipo na nafasi ndogo ambayo mkono wangu mnene haukupenya, Papa Deo aliingiza wake mpaka kwenye kiwiko, akafumba macho, akafanya kazi kwa kupapasa, kama mtu anayemsaidia ng'ombe kuzaa.

Kompyuta zilipokuja, alikuja pia Nakato. Huyu alizaliwa Luzira, baba yake akiwa askari wa magereza, ndiyo maana alikuwa na Kiswahili cha kambini na alikimwaga bila aibu. Alikuwa amesomea kompyuta darasani, sisi tumezisomea kwa kuziunguza. Alipofika nilimwonea wivu kidogo, kisha nikamwogopa, kisha tukawa kama ndugu.

Sasa wazieni watu watatu hao, kila mmoja kafundishwa herufi na mwalimu wake. Mimi nilikuwa na ei, bi, si za Waingereza. Papa Deo alikuwa na a, be, se za mapadri wake. Nakato alikuwa na za Kiingereza kama zangu, ila ulimi wake wa Kiganda ulijiamulia wenyewe pa kuweka r na pa kuweka l. Halafu zikaja mashine hizi ambazo kila kiungo chake kimepewa jina la vifupisho, na ndani ya boksi hamna karatasi ya kukueleza namna ya kulitamka.

Vita vilianza hapo. RAM, mimi nilisema rami, Nakato akasema lami, na Papa Deo akaikwaruza ile r kooni mpaka mteja akampa maji. CD-ROM, mimi sidiromu, Papa Deo sederomu, na mabishano hayo yalitufanya tusalimiane kwa shida karibu wiki nzima. Lakini kubwa kuliko yote ni UPS, ile mashine inayotunza umeme kwenye betri ili kompyuta isizimike ghafla. Kampala ya mgao wa umeme haikuwa na mashine iliyopendwa kuliko hiyo, kwa hiyo tuliitaja kutwa.

"Yupiesi," nilisema mimi. "Herufi tatu, kila moja na jina lake."

"Kwani hiyo ni mutu wa kanisa, mpaka utaje majina yote?" Nakato alisema. "Apsi. Fupi. Unasema, unamaliza, unafanya kazi."

"Ipeesi," Papa Deo alisema, bila hata kuinua kichwa. "Njo iko vile. Weye Wandera unasomaka kama Muingereza, na Muingereza hajuake kusoma herufi yake mwenyewe."

Cha kuchekesha ni kwamba kwao Kongo wala hawaiiti hivyo. Wanaiita onduleri. Nilimwambia siku moja, "Papa, si mnaiita onduleri?" Akakiri kwamba ndivyo, lakini akasema akiita onduleri atakuwa peke yake na hatapata mtu wa kubishana naye. Alipenda mabishano kuliko chakula. Anayeshindwa alinunua roleksi, ile chapati iliyozungushiwa mayai wanayokaanga kando ya barabara. Hakimu hatukuwa naye. Aliyenyamaza kwanza ndiye aliyeshindwa, na nyinyi mnaweza kukisia tulivyokuwa tunachelewa kula.

Sheria ya mikono mfukoni ililetwa na mimi, au tuseme na kioo cha kompyuta ya zamani, zile zenye mgongo mkubwa. Vioo vile vilihifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani, vikakungoja kimya. Papa Deo alikuwa amenifundisha kuvifungua ukiwa umetia mkono mmoja mfukoni, ili umeme ukikuuma usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono huu hadi ule. Nilifuata. Lakini siku hiyo Nakato alisema neno kuhusu sidiromu, nami nikatoa mkono mfukoni ili nimwonyeshe kidole kama wakili, huku ule mwingine umo ndani ya kioo. Nilichokumbuka baadaye ni kwamba nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na mlango na kiatu kimoja kimenivuka. Nakato alinishikia kikombe cha chai kwa sababu nilikuwa naimwaga.

Papa Deo hakunigombeza. Alisimama katikati ya chumba, akatutazama mmoja mmoja.

"Kuanzia leo," alisema, "mutu akitaka kubishana, atie mikono mu mufuko. Yote mbili. Kinywa njo kinabishana, mikono apana. Umeme haijuake Kifaransa wala Kingereza."

Nakato alisema nguo zake hazina mifuko. Kesho yake akaja na aproni iliyoshonwa mifuko mikubwa kama ya kuuzia karanga, na tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu. Mteja akiingia alikuta watu wazima watatu wamesimama wima, mikono yote imezama mifukoni, wanagombana kuhusu herufi. Wengine walidhani tunafanya mchezo wa kuigiza. Mmoja alirudi na mkewe aje kutuona.

Sasa kuna jambo ambalo hatukulipanga. Sheria ile ilitupa alama. Ukisikia kelele za mabishano, basi mikono ya watu wote iko mifukoni, hakuna aliye ndani ya mashine, unaweza kuwasha umeme. Ukisikia kimya, mtu yuko kazini, usiguse swichi. Hatukuwahi kuambiana hivyo. Masikio yetu tu ndiyo yaliyojifunza. Mahali pengine kote mafundi wakinyamaza watu hupumua, ila kwetu kimya ndicho kilichotufanya tusimame na kushika pumzi.

Niwachekesheni kidogo kabla sijafika pabaya. Afande mmoja alituletea kompyuta ya ofisini kwake, akapanda ngazi yeye mwenyewe na buti zake, na walinzi wawili wakasimama mlangoni. Niliposikia buti zile nilirudi nyuma nikabana ukuta. Afande akasema anafikiri biosi yake imekufa. Sasa biosi, ile BIOS inayoiamsha kompyuta, lilikuwa neno la Papa Deo. Mimi kwa miezi nilikuwa nimepigania bayosi, nikala hasara ya roleksi nisiyotaka kuikumbuka.

"Ni bayosi au ni biosi?" afande akauliza, kwa kuwa aliona tumetazamana.

"Biosi, afande," nikasema. "Biosi kabisa."

"Iko biosi tangu zamani, afande," akasema Nakato, akiwa amekaza mgongo kama yuko kwenye gwaride.

Alipoondoka tulicheka mpaka tukakaa chini. Nikatoa hela niende kununua roleksi, maana nilikuwa nimeshindwa mbele ya mashahidi. Papa Deo akanizuia. Hakuwa anacheka tena.

"Apana, sikulake ile," alisema. "Weye ulikubali na woga. Mutu anapashwa kukubali na roho. Ile ya woga haihesabike."

Nilimwona mzee anatia chumvi. Kwangu mimi woga na roho vilikuwa vinaishi nyumba moja.

Basi, pabaya penyewe. Kuna zahanati moja kule Kansanga, juu kidogo ya barabara ya Ggaba, iliyokuwa na UPS kubwa yenye ukubwa wa kabati la nguo. Ilikuwa inazimikazimika, na mwenye zahanati akatuita. Tulikwenda watatu mchana mmoja wa jua kali. Mashine ilikuwa chumbani nyuma ya maabara, lakini swichi yake kubwa ya ukutani, ile ya mpini wa kupandisha na kushusha, ilikuwa mwisho wa korido, baada ya kona. Kutoka kwenye mashine huioni swichi, na kutoka kwenye swichi huioni mashine. Mpaka leo nikikuta jengo limepangwa hivyo mwili unanisisimka.

Sista aliyesimamia zahanati alitupa sharti moja. Kuna wagonjwa, msipige kelele. Tukakubaliana. Nakato akaenda kukaa kwenye swichi, akaishusha, na taa yake nyekundu ikazimika. Papa Deo akalegeza betri na kuzitenga. Tatizo likaonekana kuwa nyuma kabisa, pale nyaya nene za kutoka ukutani zinapoingia kwenye mashine. Skrubu moja ilikuwa imelegea na imeungua. Penyewe pamefichwa nyuma ya bati lenye uwazi mdogo. Papa Deo akakunja shati, akapiga magoti, akapitisha mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, akafumba macho.

Kuhusu uwazi wa namna ile lazima niwaambie jambo, kwa sababu bila hilo hamtaelewa nilichofanya. Mikono ya Papa Deo iliingia kwa kuzungushwa, na ilitoka kwa kuzungushwa vile vile, polepole. Akishtuka, aliivuta moja kwa moja, na viwiko vikanasa kwenye bati. Ilishatokea. Niliwahi kuangusha spana nyuma yake karakanani, akaruka, akanasa, na tulimtoa kwa sabuni ya maji huku akinitukana kwa lugha ambazo sikuzijua. Kovu lake nililiona kila siku.

Alikuwa karibu kumaliza kukaza ile skrubu Sista alipochungulia.

"Hiyo apsi itawaka leo?" akauliza, na bila kungoja jibu akaenda zake.

Nikasikia Papa Deo anaguna. Angeweza kunyamaza. Lakini mgeni alikuwa amesema apsi, tena mtu msomi wa zahanati, na hilo lilimuuma kuliko bati.

"Umesikia?" akasema, macho bado kafumba. "Apsi. Hata mu hospitali."

"Afadhali angesema yupiesi," nikajibu. Mikono yangu ilikuwa mfukoni. Sheria niliifuata mimi.

"Ipeesi," akasema, akiendelea kupapasa.

"Yupiesi, Papa. Wewe unaongeza i ambayo haimo."

"Na weye ile yu umetosha mu kitabu gani?"

Tuliongea kwa sauti ya chini, si ya kumwudhi mgonjwa, lakini sauti ya Papa Deo ilikuwa nzito na ilisafiri. Nilikuwa nacheka. Niliiona mikono yake imo ndani, na wala sikuona ubaya, kwa sababu swichi imeshuka na Nakato yuko pale kuilinda. Nilimsahau Nakato mwenyewe. Nilisahau kwamba amekaa huko baada ya kona anangoja alama, na kwamba alama yetu ni kelele.

Alitokea mlangoni tukiwa katikati ya mabishano. Kwa kuwa Sista alikataza kelele, aliniongelesha kwa ishara. Aliinua kiganja juu, maana yake nimepandisha. Kisha akatikisa kichwa na kufumba na kufumbua vidole, maana yake taa haiwaki, umeme hakuna. Mgao ulikuwa umeanza mtaa mzima na sisi humo ndani hatukujua, maana kwetu swichi ilikuwa chini na dirishani kulikuwa na jua.

Halafu macho yake yakashuka kwenye mikono ya Papa Deo.

Sijasahau uso wa Nakato. Aligeuka akakimbia, nami nikasikia viatu vyake kwenye korido, kisha vikasimama, kisha kitu cha chuma kikagonga ukuta. Baadaye nilijua kwamba kitanda cha magurudumu chenye mgonjwa kilikuwa kinaingizwa na kimeziba njia, na yeye alikuwa akisukumana na wanaokisukuma. Wakati ule nilijua tu kwamba hajafika.

Mgao wa Kansanga miaka ile haukuwa na saa. Umeme uliweza kukaa jioni nzima bila kurudi, na uliweza kurudi kabla hujamaliza kulalamika. Mpini ulikuwa juu. Mikono ya mwalimu wangu ilikuwa imeshika nyaya zile zile ambazo umeme ungepitia. Kinywa changu kilifunguka nipige yowe, na hapo nikakumbuka spana. Nikipiga yowe ataruka, na akiruka atanasa.

Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Mkojo ulinibana. Mikono bado ilikuwa mfukoni na ilikuwa imejikunja ngumi mpaka kucha zikanichoma. Yeye bado alikuwa anaongea, anafurahi, anangoja nijibu. Nikalazimisha sauti yangu iwe ile ile ya utani.

"Papa," nikasema, "basi. Umenishinda."

Akaacha kupapasa. "Unasema nini?"

"Nimekubali. Ni ipeesi. Toa mikono taratibu, tia mfukoni, uje unione uso nikikubali. Sitarudia mara ya pili."

Katika miaka yetu yote sikuwa nimewahi kumkubalia neno hilo. Nilimwona mgongo wake unatikisika kwa kicheko. Alifungua macho. Akazungusha mkono wa kulia, polepole, kama kawaida yake, ukatoka. Nikamwambia na wa kushoto pia, Papa, ushindi hauna nusu. Akauzungusha. Kiwiko kikagusa bati, kikakwama kidogo, akakirudisha ndani, akakizungusha upya. Mimi nilikuwa nasema tu maneno, ipeesi, ipeesi, sijui hata nilisema nini kingine. Mkono ukatoka. Akakaa kwenye visigino vyake, akachukua leso, akaanza kujifuta grisi vidoleni huku meno yote yako nje.

Baa ya ng'ambo ya barabara ikapiga yowe la furaha, lile yowe la watu wote kwa pamoja ambalo Kampala nzima inalijua. Redio ikaanza kuimba katikati ya wimbo. Na nyuma ya mgongo wa Papa Deo lile kabati likanguruma.

Leso ilisimama vidoleni. Aliitazama mashine. Alinitazama mimi, akaona ninavyolia, maana nilikuwa nimeanza kulia bila kujijua. Akatazama mlangoni, ambako Nakato alikuwa amefika amechelewa, ameshika ukuta, aproni imechanika.

"Mimi nasikia kelele," Nakato akasema. "Papa, mimi nasikia nyinyi iko nabishana. Banange, mimi nafikiri mikono iko nje." Akateleza na ukuta mpaka chini.

Papa Deo alitia mikono yake mfukoni, yote miwili, na niliiona inatetemeka ndani ya kitambaa. Sikuwahi kumwona anatetemeka. Nilikuwa nimeamini woga ni wangu peke yangu katika karakana ile.

"Basi haukukubali na roho," akaniambia mwishowe.

"Nimekubali na roho, Papa."

"Sema tena."

"Ipeesi," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, akaenda kumwinua Nakato. Jioni hiyo yeye ndiye aliyetununulia roleksi sote, ingawa alikuwa mshindi. Hakuna aliyekula. Tulizishika tu zikiwa moto, tukasimama kando ya barabara tunatazama watu.

Kesho yake tulibadilisha kazi. Kuanzia hapo, anayeingiza mkono ndani ya mashine ndiye anayechomoa fyuzi kwa mkono wake na kuitia mfukoni mwake mwenyewe. Habaki mtu wa kungoja alama, hakuna kusikiliza nani anaongea na nani kanyamaza. Fyuzi ikiwa mfukoni mwako, hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kukuwashia umeme, hata akikupenda, hata akikosea. Hilo ndilo nililotaka mchukue kwangu, na mkisahau mengine yote nitawasamehe. Msiuamini ukimya, wala msiuamini utani, hata uwe mtamu namna gani. Nakato sasa ana duka lake na wafanyakazi wake, na niliwahi kumwona akimfukuza mmoja kazini kwa kuacha fyuzi juu ya meza. Nilitaka kumwombea msamaha yule kijana, kisha nikanyamaza.

Mabishano hatukuyaacha. Tulibishana kuhusu kila kifupisho kipya kilicholetwa mjini, mikono mfukoni kama zamani. Ila hilo moja halikuguswa tena. Mteja akisema yupiesi au apsi, Papa Deo alinigeukia, akangoja. Nami nilisema ipeesi, mbele ya watu, na Nakato naye akainamia kazi yake.

Alirudi kwao Bukavu uzeeni, na huko ndiko alikofia, kitandani mwake, mikono yake yote miwili ikiwa mizima. Sikuweza kwenda. Siku nilipoletewa habari nilikaa kwenye benchi langu, na kwa mara ya kwanza karatasi zile ukutani zikalia nami nisishtuke.

Niwaambie ukweli sasa, kwa kuwa hayupo wa kudai roleksi. Sikukubali na roho. Hata leo naamini ni yupiesi, herufi tatu, kila moja na jina lake, na mzee alikosea. Lakini nikija dukani kwenu nitasema ipeesi.